Kofia ya Sega na Mngoni Wake

Asubuhi ya mchezo nilivunja mayai manne mbele ya mgeni, la tano nikalitoa zima.

Mgeni mwenyewe alikuwa Daktari Perpetua Ochwada, mkaguzi mkuu wa Shirikisho la Dunia, mtu wa Busia aliyekwisha kuzunguka nchi thelathini na moja akitafuta kofia moja tu ya kuaminika. Mfupi, mkavu wa maneno, amekaa kwenye kiti cha karakana yangu bila kuegemea. Mayai manne nilikuwa nimeyafunga ndani ya kofia nne za zamani, za plastiki na sponji, nikazigonga kwa nyundo ya mpira moja baada ya nyingine. Yote yalipasuka na kuniharibia meza. La tano nililiweka ndani ya kofia yangu ya sega, nikagonga kwa nguvu maradufu, nikalitoa bila ufa.

"Safi," akasema Daktari Ochwada, akataka kuandika.

"Bado," nikamwambia. Nililipasua lile yai kwenye sahani. Kiini kilikuwa kimechanika na kuchanganyika na ute, kama yai lililokorogwa kwa uma. "Ganda zima, ndani uji. Kofia yoyote nzuri inaweza kulinda ganda, Daktari. Lakini ubongo unaelea. Kichwa kikisimama ghafla, wenyewe unaendelea na safari mpaka ugonge ukuta. Kwa hiyo mimi sijidai kwamba nimezuia kila pigo. Nimelipunguza. Kazi kubwa, iliyonila miaka kumi na moja, ni kumjua aliyeumia kabla hajapigwa mara ya pili."

"Pigo la pili," akarudia, na kwa mara ya kwanza akaegemea.

Alilijua hilo kuliko mimi. Alikuwa amehudhuria mazishi ya vijana waliopigwa mara moja, wakasimama, wakasema niko sawa, wakarudi uwanjani na kupigwa tena kidogo tu.

Wazo la kofia nililitoa kwa baba, mfuga nyuki wa Kilolo. Ndani yake kuna vijumba elfu nne vya pembe sita, kila kimoja kina tone la ute unaokaa laini ukiguswa taratibu na kugeuka jiwe ukipigwa ghafla. Katikati ya vijumba nimefuma nyuzi zinazosikiliza: jinsi macho yanavyoufuata mpira, muda ambao mtu anachukua kugeuza shingo, na umeme mdogo unaopita ubongoni saa zote. Mwanzoni mwa msimu kila mchezaji hupimwa akiwa mzima, na kipimo hicho huitwa msingi wake. Akipigwa, kofia inamlinganisha na msingi huo. Tofauti ikifika mia, taa inakuwa nyekundu, kofia inajifunga, na mchezo hauendelei mpaka atoke. Kocha hana sauti hapo, daktari wa timu hana sauti, na mchezaji ndiye hana sauti kabisa, kwa sababu wachezaji wa mchezo huu ni waongo kuliko wagombea udiwani.

"Na kofia ikikosea?" akauliza Daktari Ochwada.

"Fundi anaruhusiwa kuikataa. Anabonyeza hapa, kofia inafungwa hata kama taa ni ya kijani."

"Halafu?"

"Kanuni umeiandika wewe, Daktari."

"Nataka kuisikia kwako."

Nikaisema. Fundi akiikataa kofia yenye taa ya kijani katikati ya mchezo, maana yake fundi mwenyewe amekiri kwamba kofia haioni. Cheti cha kofia zote za aina hiyo kinasimamishwa papo hapo, dunia nzima, mpaka kazi irudiwe upya. Mwaka mmoja, pengine miwili.

"Sawa," akasema. "Leo jioni nikiridhika, nitatia saini iende mashuleni. Kuna watoto laki nne kwa ligi za shule wanangoja hii kofia. Sasa hivi wanavaa hiyo plastiki umenivunjia mayai nayo." Akafuta kidole chake na leso. "Sikuambii haya kukutisha."

Alinitisha hata hivyo.

Saa saba vijana wakaja kuvishwa. Timu yetu ni Gangilonga ya Iringa, na siku ile tulikuwa tunacheza na Reli ya Makambako. Mchezo wenyewe tunauita Kimarekani, kwa kifupi. Ulipoanza kukimbiwa kwao, na kina mama wa huko kuficha watoto wao, mizigo ya vifaa vya bei chee ikateremshwa huku nyanda za juu, na vijana wetu wakaupokea kama walikuwa wanaungoja tangu enzi za mababu. Mpira una umbo la papai. Watu kumi na mmoja wanapanga safu mbele ya wengine kumi na mmoja, wanagongana sekunde sita, wanasimama, wanapumua, wanagongana tena. Anayebeba mpira na kujipenyeza katikati ya safu hizo ndiye anayepigwa kuliko wote.

Mbeba mpira wetu alikuwa Galusi Mhongole, Mhehe wa Kihesa, kijana wa miaka ishirini na mitatu. Nimewaona wabeba mpira wengi, sijaona mwingine wa namna yake. Alikuwa anapita mahali ambapo wewe ukitazama unaapa hapana njia. Nje ya uwanja alikuwa bubu wa hiari. Ukimsalimu anainamisha kichwa, ukimsifu anatazama viatu. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akiuwasha ulimi wake, na huyo alikuwa Otmari Mbano.

Otmari alikuwa Mngoni wa Peramiho, miaka ishirini na sita, mbeba mpira wa akiba. Miaka minne alikaa benchi nyuma ya Galusi, anawapelekea wenzake maji, anawachekesha, anasubiri. Kwa asiyejua, Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali zamani, wakashindwa kumalizana, wakaishia kuwa watani. Mtani atakutukana mbele za watu, atachukua kofia yako akaondoka nayo, atakuja kwenye msiba wako akamwigiza marehemu. Kukasirika huruhusiwi. Unachoruhusiwa ni kumrudishia, tena papo hapo na kwa moto zaidi.

"Mhehe," Otmari akaanza hata kabla ya kukaa, "mbwa wa jirani yangu amepotea tangu jana. Fungua mdomo nione."

"Alikimbilia kwetu," Galusi akamjibu bila kugeuka. "Anasema kwenu panya wote mmemaliza, mmeanza kumtazama yeye."

Vijana wakacheka. Daktari Ochwada aliniinamia. "Hawa ni maadui?"

"Watani. Mhehe hutaniwa kwamba anakula mbwa, Mngoni anakula panya. Hawawezi kupitisha saa bila hilo."

"Kwetu hapo pangekuwa na ngumi tayari."

Mimi sikucheka sana. Otmari nilikuwa nampenda, ila alikuwa amenichosha. Msimu ule peke yake alikuwa amenidanganya mara tatu. Mara ya kwanza alianguka mazoezini, akatoa ulimi nje, akalala kimya; nikakimbia na mkoba huku nalia, mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, nikafika akanifungulia jicho moja na kuniuliza mahari yangu ni ng'ombe wangapi. Ya pili na ya tatu siziandiki. Nilikuwa nimeapa kwamba hanipati tena.

Mchezo ulikuwa mgumu. Upepo wa Iringa mwezi wa sita unauma masikio, na Reli walikuja na wanaume mapande ya watu. Jukwaa lilijaa. Chini ya turubai jeupe walikaa wageni, na pembeni yao wasaka vipaji watatu kutoka ng'ambo, walioacha kuandika kila kitu isipokuwa jina la Galusi. Mimi nilikuwa mezani kwangu kando ya uwanja, kishikwambi mbele yangu, taa ishirini na mbili za kijani zikiwaka kwa safu. Nilijivuna, sitaficha. Mara mbili kofia zilijifunga zenyewe, mara mbili vijana wakatolewa wakiwa wanayumba, na mara zote mbili nilimwona Daktari Ochwada akiitikia kwa kichwa, ameridhika.

Robo ya nne, tukiwa nyuma kwa pointi tatu, Galusi alichukua mpira akapita wawili, akapita wa tatu, kisha mlinzi wa Reli akamjia kwa ubavu. Sikuona vichwa vikigusana. Niliona tu shingo yake ikienda upande mmoja na mwili upande mwingine. Alianguka, akakaa, akasimama. Uwanja ukapiga makofi. Nikatazama kishikwambi: sabini na moja. Ikashuka sitini, ikashuka hamsini na nane. Kijani.

Nikapumua. Zilikuwa zimebaki yadi mbili tu kufika mstarini, na kocha Nyaulingo akaomba mapumziko mafupi kupanga shambulio la mwisho. Otmari akaingia na chupa za maji kama kawaida yake. Nilimwona akisema neno kwa Galusi, Galusi akachukua chupa. Akasema tena, safari hii akimsogelea usoni. Galusi akanywa, akamrudishia chupa. Otmari akaganda pale na chupa mkononi, kisha akaja mbio mezani kwangu.

"Fundi, Galusi ameumia."

"Kijani," nikamwambia bila kumtazama.

"Nimemwambia mama yake amenipigia, anamwita nyumbani, mbwa ameiva. Unajua kanijibu nini? Asante, kaka."

"Otmari, niache nifanye kazi."

"Nikamtukania ukoo mzima mpaka kwa chifu wao. Akasema, sawa. Fundi, akasema sawa."

Kocha Nyaulingo alikuwa amesikia. Alikuwa mtu mzuri, lakini zilibaki yadi mbili, na mtu mwenye yadi mbili haambiliki. "Mzaha mzaha hutumbua usaha, Mbano," akamwambia. "Leo sio siku yake. Kakae."

"Kocha, sitanii."

"Miaka minne unaitaka nafasi yake. Leo wageni wamekuja, wazungu wanaandika, ndio umeona akili ya kumtoa?"

Ndipo nilipomtazama Otmari kwa mara ya kwanza, nikaona uso ambao sikuujua. Hapakuwa na kicheko popote, hata pembeni mwa macho anakokiwekaga. Lakini uso huo ndio alionitolea pia siku ya kuanguka mazoezini, nami nikalia bure. Nifanyeje na mtu wa hivyo?

"Sekunde arobaini," refa akatangaza.

Nitasema ukweli, hata kama haunipendezi. Kitu cha kwanza nilichokifikiria kilikuwa cheti. Miaka kumi na moja. Cha pili kilikuwa watoto laki nne. Nikapiga hesabu kichwani kama muuza nyanya: huku kijana mmoja, ambaye chombo changu kinasema ni mzima, huku watoto laki nne ndani ya plastiki, ambao wataumia kweli, wengine watakufa kweli, kwa miaka miwili mizima, kwa sababu mcheshi mmoja hakutukanwa vya kutosha. Nani mwenye akili timamu angebonyeza? Nikamwita Galusi kwa redio ya kofia, nikamuuliza maswali ya kawaida.

"Leo ni Jumamosi, Fundi," akanijibu. "Tunacheza na Reli. Tuko nyuma pointi tatu. Nipe mpira, niko mzima."

Yote sahihi. Nikamgeukia Otmari nimwambie aende zake.

Alikuwa amevua kofia yake. Akaiweka mezani mbele yangu, juu ya kishikwambi, taratibu kama mtu anayeweka sahani ya mgonjwa.

"Na hii ikatae," akasema. "Andika Mbano kagoma kucheza. Galusi akitoka, mimi siingii. Aingie yeyote mwingine, hata mlinda mpira, ila sio mimi. Mtu asije akasema nimemtoa ili niingie."

"Ukigoma watakufungia."

"Najua."

"Wale watu wamekuja leo tu, Otmari. Hawarudi."

"Fundi, nisikilize. Yule hajawahi kunishukuru tangu tujuane. Dada yake alipojifungua vibaya, nilitoa damu yangu chupa mbili. Alikuja kunitazama kitandani nikiwa nimelala hoi, akaniuliza, sasa mtoto akianza kuchimba mashimo shambani nimlaumu nani? Hiyo ndiyo ilikuwa asante yake, na nilijua ni asante. Leo kasema asante ya watu wengine." Akanyoosha kidole kwa Galusi. "Galusi hayumo mle ndani. Nani anaongea sijui, lakini Galusi hayumo."

"Sekunde kumi," refa akasema.

Safu zikajipanga. Galusi aliinama nyuma yao, kichwa mbele, mikono kwenye magoti, akingoja mpira wa kupita nao katikati ya wanaume wa Reli. Nikaisogeza kofia ya Otmari pembeni. Nambari ya Galusi ilikuwa hamsini na mbili, kijani kizuri, kijani nilichokipika mwenyewe kwa miaka kumi na moja. Nikaitazama ile kofia ya akiba mezani. Kijana alikuwa amenipa kila alichokuwa nacho ili neno lake liwe zito kidogo. Mimi sikuwa na kipimo cha kitu kama hicho, na niliona aibu kwa kukosa.

Nikabonyeza.

King'ora kililia uwanja mzima. Kofia ya Galusi ikajifunga, ikawa nyekundu, na kwenye kishikwambi changu taa zote nyingine zikageuka kijivu moja baada ya nyingine. Chini yake kukaandikwa: cheti kimesimamishwa. Kofia elfu tatu na mia sita, kutoka Iringa mpaka visiwa ambavyo sijawahi kufika.

Galusi aliletwa amewaka hasira. "Niko mzima," alirudia. "Fundi, umeniua. Nimekukosea nini?" Kocha alimwingiza mlinda pembeni ambaye hakuwahi kubeba mpira maishani mwake, akagongwa kabla hajapiga hatua mbili, tukafungwa mchezo. Jukwaa lilinizomea kwa Kiswahili na kwa Kihehe. Chini ya turubai, Daktari Ochwada alifunga daftari lake, akasimama, akaondoka. Otmari alikaa chini kwenye nyasi karibu na Galusi na kumshika mkono, na Galusi akauacha mkono ushikwe. Sikumwona mtu mwingine aliyekuja kukaa nao.

Kwenye gari la wagonjwa nilijiambia mara nyingi kwamba nimekosea. Galusi alikuwa anaongea vizuri, anakumbuka kila kitu, ananilaumu kwa mpangilio kabisa. Nilishaanza kutunga barua ya kumwomba Daktari Ochwada msamaha.

Hospitalini walimpiga picha kwa nusu saa. Daktari wa zamu, kijana mwenye sauti ndogo, aliniita ndani akanionyesha alama nyembamba chini ya fuvu, upande wa kulia. Mshipa ulikuwa unavuja, polepole, matone tu. "Wa namna hii huwa wanaongea vizuri," akasema. "Wanaongea mpaka wanapolala. Alipigwa tena baada ya hapo?"

"Hapana."

"Angepigwa tena tusingekuwa tunazungumza, mama." Akaenda kunawa, wakamtoboa tundu dogo, wakaitoa damu. Saa kumi na mbili jioni akatoka na kutuambia kwamba Galusi ataishi, tena ataishi kama Galusi.

Otmari alikwenda kusimama nyuma ya mlango wa chumba cha dawa akalia huko. Mimi nililia hapo hapo kwenye benchi, mbele za watu, sikujali.

Siku ya tatu nilirudi na kishikwambi. Nilikuwa nimeitafuta sababu bila kulala vizuri, na nikaikuta mahali pa aibu. Msingi wa Galusi ulikuwa mbovu. Mwanzoni mwa msimu, akiwa mzima, kofia ilimwona mzito, macho yamechelewa, shingo imechelewa. Kwa hiyo alipopigwa na kuwa mzito, kofia ikamlinganisha na yule Galusi wa kwanza, ikaona ni yule yule.

Nilimkalia kitandani. "Nilikupima lini?"

Akatazama shuka. "Jumatatu, Fundi. Mwezi wa pili."

"Na Jumapili yake?"

"Tulikunywa ulanzi."

Mwezi wa pili Iringa ni mvua, na mvua ni mianzi inayotoa ulanzi usiku na mchana. Hata kuku wanalewa. Na mimi, mtoto wa Kilolo, niliwaita vijana thelathini kupimwa vichwa Jumatatu asubuhi katikati ya msimu wa ulanzi, nikaandika majibu yao kwa wino wa kudumu.

"Mlikunywa kwa bahati mbaya au makusudi?"

"Makusudi." Alisema kwa sauti ya kusikika kwa shida. "Tuliambizana, tukipimwa na kichwa kibovu, kofia itatuvumilia. Mtu hataki kutolewa, Fundi. Karibu wote tulikunywa. Otmari tu alikataa, alisema hawezi kunywa maji ya mianzi ya watumwa wake."

Sikuwa na nguvu ya kumgombeza. Kosa lilikuwa lake, lakini mlango nilimfungulia mimi.

Daktari Ochwada alinikuta karakana Jumatano. Nilidhani amekwisha kupanda ndege. Alikaa kwenye kiti kile kile, akaegemea mara moja.

"Cheti siwezi kukurudishia," akasema.

"Sijakuomba."

"Na wale watoto?"

"Wangevaa kofia inayodanganywa na ulanzi. Nitaanza upya kupima misingi, siku tatu tofauti, bila kuwatangazia. Nipe mwaka."

"Nitakupa miezi minane, na watu wangu wawili wa kukusaidia." Alisema bila kutabasamu, kama mtu anayeagiza chai. "Kile yule kijana aliona. Unaweza kukiweka ndani ya kofia?"

Nilikuwa nimelifikiria hilo kuliko kitu chochote. "Kuifundisha kofia kutukana ni kazi ya wiki moja," nikamwambia. "Lakini Galusi asingeijibu. Hamjibu kila mtu."

"Basi nitafanyaje huko kwingine? Nchi thelathini na moja, Fundi Luvanda. Sitapata Wangoni wa kutosha."

"Kila timu ina mtu anayemjua mwenzake hivyo. Kanuni yako haimpi nafasi ya kusema, ndiyo shida. Na mimi pia sikumpa."

Alitoa fomu ya tukio kwenye mkoba, akaisukuma mezani. Lazima ijazwe na fundi kabla faili halijafungwa, akasema, na akanipa kalamu yake mwenyewe. Nikajaza tarehe, uwanja, jina la mchezaji. Nikafika mahali palipoandikwa: kifaa kilichotambua jeraha. Kalamu ikasimama hapo kidogo, kisha nikaandika kwa herufi kubwa nilizofundishwa shule ya msingi: Mbano, Otmari. Mwaka wa kutengenezwa: elfu mbili na arobaini na tisa. Mahali: Peramiho. Aina ya kipimo kilichotumika: matusi mawili. Muda hadi kutambua: sekunde tano.

Kulikuwa na mstari mmoja umebaki, wa hali ya kifaa kwa sasa. Nikaandika: Kizima. Kimefungiwa michezo kumi na miwili.

Daktari Ochwada aliisoma kuanzia juu mpaka chini, akarudia tena. Kisha akachukua kalamu yake mkononi mwangu na kutia saini bila kusahihisha chochote.